Saa 8,000 na daftari lake

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi moja mbele ya vijana wetu wa kusini-magharibi mwa Houston wanaotaka kuingia kazi ya umeme. Nimeombwa niyaandike, nami nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mlioko jikoni, asanteni. Harufu ya pilau imenipokea tangu nilipoegesha gari. Vijana, hamjambo?

Aliyenialika aliniambia, "Njoo uwape moyo." Nikamjibu kwamba moyo wanao. Mtu aliyevuka Ziwa Tanganyika usiku na mtoto mgongoni, akakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka na miaka, kisha akaja kuanza upya kwenye joto hili la Houston, mtu huyo mimi nimpe moyo gani? Mimi nimewaletea habari. Na habari zenyewe nitazifunga kwenye jambo moja. Mengine nitayapitia mbio, maana chakula kinapoa.

Marehemu mjomba wangu alikuwa na duka la rejareja Ngamiani, kule Tanga. Kila jioni kabla ya kufunga anafungua daftari, ananiambia niandike: sukari imetoka kilo ngapi, mafuta ya taa chupa ngapi, nani amekopa. Nikianza kusinzia ananitazama kwa juu ya miwani: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nami kwa utoto wangu nikadhani anasema sukari. Nilikuja kumwelewa nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, nimeketi ndani ya gari bovu pembeni mwa barabara ya Bellaire, nimeshika fomu ambayo hakuna wa kuitia sahihi.

Ilikuwa hivi. Nilifika hapa 2006. Umeme naujua, nimeshafunga nyumba Tanga mjini, Muheza, mpaka Pangani. Wiki ya pili tu nikapata kazi kwa bwana mmoja mwenye pikapu na ngazi mbili juu yake. Kazi aliijua, sitamsingizia. Waya akiukunja ndani ya boksi unalala kama nywele zilizosukwa. Analipa kila Ijumaa, taslimu, hakunidhulumu hata senti. Tulifanya kazi siku sita kwa wiki, miezi 11. Mnajua dari za nyumba za hapa mwezi wa Julai: unatambaa juu ya mbao, ile sufi ya kioo inakuwasha shingoni, jasho linaingia machoni, na hewa ya mle ndani ukiivuta unahisi umefungua tanuri la mikate. Kwa uchache kabisa nilitambaa saa 2,000 na ushei.

Kisha mtu msikitini akaniuliza, "Leseni unayo?" Nikaenda kuuliza, nikapewa fomu ya uthibitisho wa uzoefu. Nikampelekea yule bwana: "Kaka, nisainie." Akaisoma, akaikunja mara mbili, akanirudishia bila neno. Hakuwa masta, yaani fundi wa daraja la juu anayesimamia wengine. Hakuwa hata fundi kamili. Hakuwa na leseni ya aina yoyote. Saa zile magoti yangu yanazo mpaka leo, hasa wakati wa baridi, lakini jimbo la Texas halina habari nazo.

Ndilo jambo langu hilo. Sasa niwaeleze linakaa wapi katika mpango mzima.

Leseni za umeme hapa zinatolewa na Idara ya Leseni na Udhibiti ya Texas, ambayo sote tunaiita kwa herufi zake, TDLR. Sheria yake ilipitishwa 2003, na leseni ya jimbo ikawa lazima mwaka uliofuata. Kabla ya hapo kila mji ulikuwa na utaratibu wake. Majimbo mengine yamebaki hivyo hivyo. Illinois haina leseni ya jimbo ya fundi umeme, miji ndiyo inayotoa. Pennsylvania vilevile. Kwa hiyo binamu yako wa Chicago akikutumia ujumbe wa WhatsApp wa dakika saba kukueleza namna ya kupata leseni, msikilize, mjulie hali shangazi, basi. (Wakacheka.)

Mlango wa kwanza ni leseni ya mwanagenzi. Unatakiwa uwe na miaka 16 au zaidi, ada ni dola 20, mtihani hakuna. Unaomba kwenye tovuti yao. Wapo humu ndani wanaofanya kazi ya umeme leo bila kadi hii, na sitawatazama usoni, nitatazama ukuta. Dola 20, jamani. Viatu tu vya kazi vinaipita mara tano.

Ukishakuwa mwanagenzi unafanya kazi chini ya usimamizi, kwa mkandarasi mwenye leseni. Ukifikisha saa 8,000 chini ya masta, na mtihani umefaulu, unakuwa fundi kamili. Wenyewe wanaita jenimeni. Mtihani wenyewe unaruhusiwa kuufanya ukishafika saa 7,000, usingoje zitimie. Kati hapo ipo leseni ya fundi wa nyumba za kuishi, saa 4,000, inawafaa wengine. Juu kabisa yupo masta: saa 12,000, na awe ameshika leseni ya fundi kamili kwa miaka miwili. Kisha mkandarasi, ambaye ni biashara: lazima iwe na masta wake na bima yake.

Pigeni hesabu. Mtu anayefanya kazi saa 40 kwa wiki, akipumzika wiki mbili kwa mwaka, anapata saa 2,000. Fundi kamili ni miaka minne. Masta ni miaka sita. Mtoto aliyezaliwa leo, masta akitoka yeye anaingia darasa la kwanza. Na katika miaka hiyo yote kitu kinachopanda kwenye mizani ya TDLR ni saa zilizosimamiwa na masta, ambazo masta huyo yuko tayari kuziandikia na kutia sahihi. Ufundi wako wa mikono utauonyesha kwa mwajiri. Idara haitakuja darini kukuona.

Sasa utajuaje kama unayemfanyia kazi ana masta? Tazama gari lake. Kanuni inamtaka mkandarasi aandike jina na namba ya leseni pande zote mbili za gari, kwa herufi zisizopungua inchi 2. Namba hiyo hutanguliwa na herufi TECL. Gari halina namba? Uliza kwa adabu. Akikuambia gari lenye namba liko gereji, vizuri, omba namba yenyewe, ingia kwenye tovuti ya TDLR ukiwa palepale umesimama, itafute. Orodha iko wazi kwa watu wote, bure. Jina la mkandarasi linatokea, hali ya leseni inatokea. Dakika mbili. Mimi dakika mbili hizo zilinigharimu miezi 11.

Kisha nunua daftari. Simu sawa, ila simu huvunjika, huibiwa, huanguka chooni. Daftari la kawaida, liweke nyumbani. Kila siku mstari mmoja: tarehe, mahali, saa ngapi, kazi gani, nani msimamizi. Ukurasa wa kwanza andika jina kamili la masta na namba yake ya leseni. Halafu, na hapa nawaomba mniangalie, usingoje miaka minne ndipo uanze kutafuta sahihi. Ukihama kampuni, fomu isainiwe kabla hujarudisha funguo. Masta ni binadamu. Wanahamia Florida, wanagombana na kampuni, wanastaafu, wanakufa. Nimemzika mmoja mwenyewe, na makaburini pale vijana wawili walikuwa wanalia kwa sababu mbili.

Hapo kijana mmoja wa Bukavu akanyanyua mkono: "Papa, na kama bosi anakatala kusaini?"

Nilimwambia hivi. Kwanza, hifadhi karatasi za mshahara, zote, na zile za kodi za mwisho wa mwaka. Zinaonyesha ulikuwepo na ulilipwa saa ngapi. Pili, muda wa kuomba ndio unaoamua. Ukiomba siku mmekosana, au siku umeshamwambia unakwenda kwa mshindani wake, umejifungia mlango mwenyewe. Mwombe wakati bado anakuhitaji. Kila Januari, peleka hesabu ya mwaka uliopita: "Masta, hizi ni saa zangu kwa mujibu wa daftari, tuzilinganishe na za ofisini." Wengi watasaini bila tabu, maana wao wenyewe walipita njia hiyo. Na asiyetaka kusaini saa 2,000, afadhali umjue mapema kuliko kumjua zikiwa 8,000.

Wengine mtaniambia, "Mimi nina cheti cha VETA," chuo cha ufundi cha Tanzania, au "Mimi nilifanya SNEL miaka mingi," kampuni ya umeme ya Kongo. Nawaheshimu, nami nilikuja na cheti changu kwenye bahasha ya kaki, nimekipigia muhuri. Hakibadilishwi kuwa leseni kama unavyobadilisha shilingi kuwa dola. Zamani lilinikera sana hili. Nitawaambia siku lilipoacha kunikera.

Ni wiki ya kwanza kwa mkandarasi wangu wa halali, 2007. Nyumba ya zamani, jikoni. Fundi kamili niliyepangiwa naye, mzee wa Kimeksiko asiyependa maneno, amefungua boksi la soketi ananiambia nimalizie. Natazama ndani: waya mweusi, mweupe, na shaba tupu isiyo na ganda. Sasa kule Tanga mimi nilikulia na nyaya za mtindo wa zamani wa Kiingereza: nyekundu laivu, wenye umeme; nyeusi nyutro, wa kurudisha mkondo; kijani ethi, wa usalama. Leo rangi zimebadilika, kahawia na buluu, lakini mikono yangu ilifundishwa na rangi za zamani. Mkono ukaenda wenyewe kwenye mweusi, kwa utulivu kabisa, kama unavyoshika kikombe chako cha chai. Mzee akanikamata kifundo cha mkono. Hakupiga kelele. Akachukua testa, akaigusisha kwenye mweusi, taa ikawaka. Breka ilikuwa haijazimwa. Mtu alikuwa ameandika vibaya kwenye mlango wa boksi la breka.

Huku mweusi ndio laivu. Nyutro ni mweupe. Ethi ni kijani au shaba tupu. Uzoefu wangu wa miaka tisa ulikuwa karibu kuniua kwa sababu ulikuwa uzoefu kweli, mkono haukusita. Ongezeni na haya: soketi za kawaida huku ni volti 120, jiko na mashine ya kukaushia nguo ndizo zinazochukua 240 kwa laivu mbili, mkondo unacheza mara 60 kwa sekunde badala ya 50, waya unapimwa kwa namba, na namba ikipanda waya unakuwa mwembamba, kinyume cha akili ya kawaida. Namba 12 ni mnene kuliko namba 14. Wa 12 unalindwa kwa breka ya ampea 20, wa 14 kwa ampea 15. Tangu siku ile nikaacha kulalamika kuhusu cheti changu.

Tuje kwenye mtihani. Unatoka kwenye kitabu kimoja, Kanuni za Taifa za Umeme, NEC. Kinachapishwa na NFPA, jumuiya ya kuzuia moto, na kilianza 1897. Yaani kina umri mkubwa kuliko reli ya Mombasa kufika Kisumu. Kila miaka mitatu hutoka toleo jipya. Toleo la 2023 lilianza kutumika Texas Septemba 1 mwaka huohuo. Mtihani ni wa kufungua kitabu, na alama ya kufaulu ni asilimia 70.

Mtu akisikia "kufungua kitabu" anatabasamu. Asitabasamu. Kitabu kile kina kurasa mamia, na saa ya ukutani haikungojei. Anayefaulu ni yule anayejua mlango wa kuingilia: kwenye toleo la 2023, swali la hesabu ya mzigo, nenda 220, ulinzi wa mkondo kupita kiasi, 240, ethi, 250, unene wa nyaya, 310, mota, 430, mabwawa ya kuogelea, 680. Mimi nilijifunza sehemu hizo kama nilivyojifunza juzuu chuoni, kwa kuimba. Mke wangu ni shahidi.

Lakini kinachowaangusha watu wetu, kwa jinsi nilivyoona kwa vijana niliowafundisha, ni Kiingereza cha mle ndani. Siyo Kiingereza cha dukani. Kuna maneno mawili yanayofanana kama mapacha: "grounded" na "grounding". Waya wa "grounded" ni nyutro, ule mweupe, unaorudisha mkondo kila siku. Waya wa "grounding" ni ethi, ambao siku njema haubebi kitu, unangoja hitilafu. Herufi chache za mwisho zimegeuza waya mmoja kuwa mwingine. Sisi kwa Kiswahili cha fundi tumesalimika, nyutro ni nyutro na ethi ni ethi, hakuna wa kuchanganya. Kwa hiyo fanyeni kama nilivyofanya: mkisoma swali, tafsirini palepale kichwani. Soma "grounded", sema "nyutro". Usiende mbele kabla hujasema.

Na jingine ni "shall". Kitabu kikisema "shall", ni lazima. Kikisema "shall be permitted", ni ruhusa, ukitaka fanya, hutaki acha. Maneno mawili yameongezwa, lazima imegeuka hiari. Kuna kijana alirudia mtihani mara tatu, hodari wa hesabu kunishinda mimi, na tulipokaa naye tukakuta kila "shall" anaisoma lazima.

Niwaonyeshe swali moja mlione lilivyo. Una boksi la chuma la soketi. Kebo moja inaingia, nyingine inatoka kwenda soketi inayofuata. Kila kebo ina mweusi, mweupe na shaba tupu, namba 12. Ndani mna vibanio vya kushikia kebo. Je, boksi liwe na ukubwa gani? Fundi wa mtaani atasema, "Linalotosha." Kitabu, sehemu ya 314, kinataka uhesabu. Nyeusi mbili, nyeupe mbili: nne. Shaba tupu zote mbili pamoja unazihesabu moja: tano. Vibanio vyote ni moja: sita. Soketi yenyewe inahesabiwa mbili: nane. Kila moja kwa waya namba 12 inachukua inchi za ujazo 2.25. Nane mara 2.25 ni 18. Boksi lisipungue inchi za ujazo 18. Ukiongeza kebo ya tatu, nyeusi na nyeupe zake zinaongeza mbili, shaba haiongezi kitu, unafika 22.5. Boksi lilelile halifai tena.

Kwa nini wasumbuke hivyo? Kwa sababu nyaya zikibanwa zinapata joto, ganda linakauka, linapasuka, na nyumba za hapa ni za mbao. Kule kwetu ukuta wa tofali humeza makosa mengi ya fundi. Ubao haumezi.

Anayetaka kujifunza kwa utaratibu, chama cha wafanyakazi wa umeme, IBEW, tawi namba 716, kiko hapahapa Houston, wana mpango wa wanagenzi: unafanya kazi kwa mshahara na unasoma. Wapo wakandarasi wa chama cha IEC nao wana darasa lao. Faida moja ambayo watu hawaitazami: ndani ya mipango hiyo saa zako zinaandikwa na mtu ambaye kuandika ndiyo kazi yake. Binti yule wa nyuma anaitikia kwa kichwa, ameshajisajili. Mama yake alinipigia simu wiki iliyopita kuniuliza kama kazi hii ni ya wanaume. Mama, waya haujui nani kaushika.

Haya, umepata leseni. Kuitunza.

Leseni ni ya mwaka mmoja. Fundi kamili na masta kila mwaka wanasoma saa nne za kujiendeleza: kanuni za NEC, sheria za jimbo, na usalama kazini. Mwanagenzi naye zinamhusu, isipokuwa kama yuko kwenye mpango wa mafunzo uliosajiliwa. Saa nne, kwenye kompyuta, nyumbani, kwa mtoaji aliyeidhinishwa. Kuhuisha leseni ya fundi kamili ni dola 30. Ukichelewa chini ya siku 90 unalipa mara moja na nusu. Ukizidi hapo, kabla ya miezi 18, unalipa mara mbili. Zaidi ya hapo ni kuomba ruhusa maalumu, na ikipita miaka mitatu unaanza upya.

Mwaka 2013 mama yangu alifariki. Nikaenda Tanga, nikakaa miezi miwili, nani angeniambia nirudi? Leseni ikafa katikati ya arobaini. Barua pepe ya kunikumbusha ilikwenda kwenye anwani niliyokuwa nimeiacha zamani. Nikarudi Houston, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi niko kazini na kofia kichwani, msimamizi anatazama kwenye simu yake, ananiambia, "Nenda nyumbani." Faini ilikuwa dola 15 juu ya zile 30. Ndogo. Lakini mpaka nimalize masomo, nilipe, na jina langu lirudi kwenye orodha, nilikaa wiki mbili bila mshahara, nikiwa nimetoka kwenye msiba ambao nimeugharimia mimi. Basi barua pepe yako mpya, wapelekee TDLR siku hiyohiyo unayoifungua.

Leseni hufa pia kwa vibarua vya Jumamosi, na hapa nitawaudhi baadhi yenu. Fundi kamili hana ruhusa ya kujichukulia kazi za watu kwa jina lake. Leseni yake inamruhusu kufanya kazi kwa mkandarasi. Ukichapisha kadi ya biashara, ukaenda kumfungia jirani jiko la umeme kwa dola 300, umeshakuwa mkandarasi asiye na leseni, na adhabu inaweza kufika dola 5,000 kwa kosa moja kwa siku moja. "Lakini mwenye nyumba anaruhusiwa kufanya umeme wake." Kweli, sheria ya jimbo inamruhusu mwenye nyumba anayeishi ndani yake. Wewe si mwenye nyumba. Wala shemeji yako akikupikia biriani hakukugeuzi kuwa mwenye nyumba.

Kimbunga Beryl kilipopita Julai 2024, wateja zaidi ya milioni mbili wa umeme mji huu walikuwa gizani. Simu yangu haikulala. Na wengi waliotaka msaada walitaka kitu kimoja: waya wenye plagi dume pande zote mbili. Upande mmoja unachomeka kwenye jenereta, wa pili kwenye soketi ya mashine ya kukaushia nguo, nyumba nzima inawaka. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, aliyenikaribisha kwake nilipofika nchi hii, alinipigia mara nne. Insulini ya mkewe iko kwenye friji.

Nilikataa kuutengeneza, na nitawaambia kwa nini. Plagi dume ukiichomoa inabaki na umeme kwenye meno, wazi, mikononi mwako. Na umeme wa jenereta yako ukiingia kwenye nyumba bila kukata kwanza njia ya mtaani, unatoka mpaka kwenye transfoma ya nje. Transfoma haijui nani ametuma. Inapokea volti 240 inazipandisha kuwa maelfu. Juu ya nguzo yuko kijana wa kampuni ya umeme, amekuja kutoka jimbo jingine kutusaidia, amevua glavu kwa sababu laini imezimwa. Nilimpelekea mzee waya mrefu wa kawaida, nikaiweka jenereta nje mbali na dirisha, nikachomeka friji moja kwa moja. Insulini ikapona. Mwezi uliofuata mkandarasi wangu alikwenda kwa kibali cha mji, akafunga kizuizi kwenye boksi la breka, kile ambacho breka ya mtaani na ya jenereta haziwezi kuwashwa pamoja. Mzee alinuna wiki moja hivi. Leo yuko pale mbele, anacheka.

Mwisho, mtakaohama. Texas ina makubaliano na baadhi ya majimbo, kama Oklahoma, Arkansas na New Mexico, ya kutambua leseni ya fundi kamili bila kurudia mtihani, kwa masharti. Ukipata kazi jimbo jingine, uliza huko kabla hujakodi lori la kuhamia. Na fomu zako zilizosainiwa ziende ndani ya begi la mkononi, pamoja na pasipoti; zisiende kwenye lori.

Nimeleta madaftari 40. Yako kwenye meza ile, karibu na birika la chai, na kalamu ziko kwenye kikombe. Ukurasa wa kwanza nimeshachora mistari. Mliokuwa kazini jana, andikeni saa za jana kwanza, halafu sahani.